Hodi kwa Bi Mkubwa

Metroni alilishika shuka kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayemtoa panya mtegoni, akalinusa. Kisha akaninyooshea.

"Nusa mwenyewe."

Nikanusa. Sabuni ilikuwemo. Jua lilikuwemo. Joto la pasi lilikuwemo. Na chini ya vyote hivyo, petroli.

"Mimi nasikia sabuni," nikasema.

"Dobi." Siku zote huniita binti yangu. Leo aliniita kwa kazi yangu, nikajua pameharibika. "Wodi ya wazazi kuna mama amejifungua jana. Amelala na mtoto wake kwenye shuka lako, asubuhi ananiuliza kama hospitali imehamia kituo cha mafuta. Nimjibu nini?"

"Ni gari, Metroni. Nililitengeneza, limerudia tena."

"Mimi silazi wagonjwa kwenye gari. Hii ni mara ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Basi sikiliza. Jumatatu saa moja asubuhi nitanusa bunda la kwanza na bunda la mwisho. Yakinuka, Jumatano usijisumbue kuja. Kuna bwana mwenye gari la boksi ananipigia simu kila wiki, na kila wiki namwambia nina dobi wangu. Usinifanye nionekane mwongo."

Akanirudishia mzigo wote. Mashuka mia moja na ishirini, yaliyofuliwa, yakaanikwa, yakapigwa pasi, yakakunjwa pembe juu ya pembe, sasa yanarudi nyumbani kufuliwa upya, tena ndani ya gari lilelile lililoyachafua. Hospitali ile ndiyo kazi yangu. Wateja wengine wapo, huyu na shati lake, yule na pazia lake, lakini ukiondoa mashuka ya Metroni mimi si dobi tena. Ni mtu mwenye beseni kubwa.

Gari lenyewe ni pikapu aliyoinunua baba kabla hajamwoa mama, ndiyo maana mama huliita Bi Mkubwa. "Mimi mke mdogo," huwaambia wageni. "Nilimkuta mwenzangu ndani, na sijawahi kupendwa kama yeye." Bi Mkubwa ana macho ya duara, pua ndefu, na mlango wa kushoto ambao lazima uuombe radhi kabla haujafunguka. Sakafu ya nyuma ni ya mbao. Chini ya mbao hizo, palepale ninapopanga mabunda, ndipo lilipofungwa tangi, na mdomo wa tangi umechomoza ubavuni mwa bodi, umesimama wima kama shingo ya chupa. Tangi likivuja, jua likiwaka, mvuke unapenya kwenye nyufa za mbao na kuingia katika mashuka yangu taratibu, kama umbea.

Lilipoanza kuvuja, miezi mitatu iliyopita, baba alilikataa neno lenyewe.

"Halivuji. Linatoka jasho."

Nilimwonyesha doa jeusi chini, pana kama sinia.

"Ndo ndo ndo si chururu," akasema.

Mimi methali nazipenda, lakini sijaona methali iliyoziba tundu. Tukaanza na sabuni. Baba alilala chali chini ya gari akasugua kipande cha sabuni ya mche pale palipolowa. Usicheke, sabuni na petroli havipatani, sabuni ikishika pale petroli haiiyeyushi, na waliotutangulia wamesafiri mbali kwa njia hiyo. Yetu ilidumu siku nne. Nikawa dobi ambaye hata gari lake linakula sabuni. Baadaye nikanunua gundi ya chuma, ile inayokuja katika mirija miwili ukaichanganya. Siku sita. Mwisho nikaenda kwa fundi matangi, akaweka kiraka cha bati na kukilehemu, akakigonga kwa kidole, akaniambia, "Hiki kitakuzika wewe." Hakikumaliza hata wiki mbili.

Usiku ule wa Ijumaa nililala na hasira. Jumamosi asubuhi niliamshwa na sauti ileile inayoniamsha maisha yangu yote.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Hodi, Bi Mkubwa."

Baba anapima mafuta. Geji ya gari lile ilikufa kabla sijazaliwa, kwa hiyo kila asubuhi yeye hutia kijiti kwenye mdomo wa tangi, akagonga chini mara tatu ili awe na hakika kimefika, akakitoa na kusoma. Mara tatu, kwa sababu hodi ni tatu. Mtu asipoitikiwa hodi ya tatu huondoka. Mwaka juzi goti lilipoanza kumsumbua alinipa funguo, nikawa dereva mimi. Lakini kazi hii ya kupima hakuitoa. Hupima mimi nikiwa bado nafikicha macho, kisha hutangaza kupitia dirisha la jikoni, kama msoma habari.

"Nusu na kidogo!"

Nikatoka nje na kanga yangu kifuani. "Baba, jana jioni nilipokuomba upime ulisema robo tatu. Tangu jana jioni gari halijasogea."

"Amekunywa usiku."

"Mwenzangu ana kiu," mama akadakia kutoka jikoni. "Mimi nikiomba soda naambiwa nina anasa."

"Mnacheka," nikasema. "Jumatatu nikifukuzwa hospitali mtacheka na nani? Leo nanunua tangi jipya."

Baba akaniangalia, au akaangalia karibu na mimi. "Jipya utalipata wapi, mwanangu? Hata mimi sipatikani jipya."

Alikuwa na haki, na hilo liliniudhi zaidi. Mtaa wa spea una maduka kumi na tisa, niliingia yote. La kwanza, muuzaji aliomba nimwandikie jina la gari, akalisoma, akamwita mwenzake aje alisome naye. La pili waliniambia nilete gari walione, si ili wanisaidie, walitaka kupiga picha. La saba au la nane, mzee mmoja alivua miwani akaniuliza kwa upole, "Dada, hilo gari lina uhai?" La kumi na tatu walikuwa na tangi, kweli, la lori, lingeweza kumbeba Bi Mkubwa ndani yake. Na katika lile la mwisho kijana alinipa ushauri ambao sikuuomba: nichukue dumu la plastiki, nilifunge kwa kamba, nitie mpira, mchezo umekwisha.

"Na dumu likiyeyuka?"

"Unafunga lingine."

Nikamshukuru kwa meno tu, nikaondoka. Saa sita jua la utosi, petroli ikinifuata kama mbwa, nikaelekeza pua ndefu ya Bi Mkubwa kwa yule fundi wa kiraka. Sikwenda kumwomba. Nilikwenda kumgombeza.

Watu wanamwita Nyusi kwa sababu hana. Paji lake ni laini kutoka macho hadi kofia, kwa hiyo huwezi kujua lini ameshangaa na lini amekasirika. Banda lake liko nyuma ya wauza matairi, rejeta zimening'inia ukutani kama mbavu, na mlangoni kuna pipa la maji ambalo haliruhusu liwe chini ya nusu. Nilimkuta amekaa juu ya kreti akinoa mkasi wa bati.

"Fundi, kazi yako inavuja."

Hakuinua kichwa. "Kazi yangu haivuji. Labda wewe ndiye unayevuja."

"Uliniambia kitanizika. Hakikunifikisha hata mwisho wa mwezi."

Hapo akainuka. Alilala chini ya gari bila kutandika kitu, akapitisha kidole, akakinusa, akanyamaza. Kunyamaza kwa fundi mwenye mdomo kama ule kunatisha. "Njoo unisaidie," akasema. "Tunalitoa."

Ilituchukua saa moja na nusu. Mikanda miwili ya chuma inayolishikilia tangi ilikuwa imeota kutu hadi bolti moja ikakatika, akaitukana bolti hiyo pamoja na ukoo wake. Akatia mpira kwenye tangi, akavuta kwa mdomo, akatema, petroli ikateremka kwenye dumu. Alipolipindua tangi na tone la mwisho kudondoka, mimi nilikuwa nimeshaishiwa uvumilivu.

"Haya, liko tupu. Chomelea haraka, fundi, nina mashuka mia moja na ishirini yananisubiri."

Nyusi akanigeukia. Akaweka kidole juu ya jicho la kulia, pale palipotakiwa kuwa na nyusi, kisha juu ya la kushoto.

"Nilikuwa nazo mbili. Nzuri, za kurithi. Akaja mteja mwenye haraka zake, akaniambia kama wewe: chomelea, fundi, liko tupu." Akachota ndoo ya kwanza kwenye pipa. "Tangi lililojaa halina neno. Tupu ndilo lenye maneno. Petroli ikitoka, mvuke unabaki, na mvuke ndio unaolipuka. Kwa hiyo wewe kaa pale, ukunje mikono, ungoje maji yajae."

Nikakaa, nikakunja mikono. Alilisuuza kwa maji ya moto na sabuni mara tatu, akalijaza hadi mdomoni, akalipandisha juu ya matofali mawili juani. Maji yakaanza kuchirizika kutoka chini, mstari mwembamba kama uzi. Ile haikuwa ndo ndo ndo tena. Ilikuwa chururu. Nyusi akachuchumaa, akaweka uso karibu.

"Njoo," akasema. "Njoo uone, ndipo unitukane vizuri."

Kiraka chake kilikuwa palepale. Lehemu imezunguka kingo zote, inang'aa, hakuna hata nywele iliyoachia. Tundu lilikuwa katikati ya kiraka. Dogo, la duara, kama la msumari.

"Gusa kwa nje. Taratibu, utakatika."

Nikagusa. Kingo za tundu zilikuwa zimechongoka kuja kwangu, kama midomo inayotaka kubusu.

"Kutu hula kwa kubambua," akasema Nyusi. "Jiwe la barabarani hugonga kuelekea ndani. Hili limetoka ndani kuja nje. Mtu amelitoboa kwa ndani, dada. Na kabla ya kiraka changu aliitoboa gundi yako, na kabla ya gundi aliitoboa sabuni. Kila ukiziba, yeye anazibua. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Nani aingie ndani ya tangi? Panya?"

"Panya anayekunywa petroli, nitafutie nami mmoja, nimfuge." Akasimama juu ya mdomo wa tangi, akachungulia ndani kwa jicho moja kama mtu anayechungulia kwa jirani. "Hapa ni wima kabisa. Chochote kikishuka hapa, kinaangukia pale pale. Kuna kitu mnatia?"

"Hatutii kitu. Labda kijiti cha baba cha kupimia. Lakini hicho ni kijiti tu, amekitumia miaka na miaka."

"Kijiti hakitoboi bati."

"Ndiyo ninavyosema."

"Kinagonga vipi?"

Nikafungua mdomo nimwigize. *Ngo, ngo, ngo.* Na nilipoisikia sauti hiyo ikitoka kwangu mwenyewe, nikanyamaza. Kijiti hakisemi ngo. Nilipokuwa mtoto, nimelala nyuma ya pazia na dada zangu, sauti ya kupima ilikuwa *du, du, du*. Nzito, laini, kama mtu anayetwanga kwa mbali. Lini ikawa ngo? Nimeamka kwa sauti hiyo kila siku na sikuwahi kusikia kwamba imebadilika.

"Ni chuma," nikasema.

Nyusi hakuwa na nyusi za kupandisha, lakini kitu kilipanda. "Chuma? Ndani ya petroli? Kila siku? Cheche moja tu, na ninyi mnalala usingizi kando yake?"

Kwa hasira akachukua mkasi wa bati akaanza kulikata sakafu tangi lile. Bati la chini lote lilikuwa limeshakonda, alisema, halifai hata kufunikia sufuria; angeweka bamba jipya, zito, na kukunja kingo kabla ya kulehemu. Jumapili alasiri nije nichukue. Kile kipande chenye kiraka na tundu alikikata cha mraba, akapiga kingo kwa tupa nisijikate, akanitia mkononi.

"Mpelekee panya wako. Na umwambie hata bamba jipya chuma chake kitalitoboa. Kitachukua muda mrefu zaidi, basi."

Niliondoka kwa miguu, begani nina hasira ya miezi mitatu. Njiani nilipanga maneno. Nilimlaumu fundi, nikalaumu gundi, nikalaumu kutu, nikalaumu mashimo ya barabara na kiwanda kilichotengeneza gari lile kabla wazazi wangu hawajajuana. Wote hawakuwa na hatia. Nilikuwa na la kusema, na ningelisema lote.

Baba alikuwa amekaa kwenye kibao nje ya jiko, mgongo ukiwa ukutani. Nikakitafuta kile chuma cha kupimia kabla sijamwamkia, nikakiona nyuma ya pipa la maji kimefungwa kitambaa. Nikakivuta. Kipande cha nondo, kirefu kama mkono na nusu, ncha yake imesagika hadi inang'aa. Ubavuni kilikuwa na mikato ya tupa: mmoja, juu yake miwili, juu yake mitatu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Tangi limepatikana?"

Nilikitia kile kipande cha bati kiganjani mwake, nikasimama nikingoja akiangalie.

Hakukiangalia. Uso wake ulibaki umeelekea barabarani. Kidole gumba kilianza kutembea juu ya bati, kikapita ukingo wa lehemu, kikazunguka kiraka, kikafika katikati, kikasimama juu ya tundu. Kikakaa hapo.

"Nipe nondo," akasema.

Nikampa. Kwa kupapasa akaitafuta ncha, akaitafuta njia, akaitia. Ikaingia bila kusita, kama ufunguo kwenye kufuli lake.

Nikachuchumaa mbele yake.

"Kijiti kilivunjika mwaka jana," baba akasema.

"Kingechongwa kingine."

"Kijiti hakisomeki."

"Mbona miaka yote kilisomeka? Unakitoa, unaangalia palipolowa, basi!"

Kidole gumba kilikuwa kinapanda na kushuka kwenye mikato ya tupa, mmoja, miwili, mitatu, robo, nusu, robo tatu.

"Mwambie," mama akasema. Alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. "Au nimwambie mimi?"

"Goti langu—"

"Goti, goti! Goti gani linatia chumvi kwenye chai? Goti gani linamwamkia mtungi wa gesi likidhani ni jirani? Mwaka wa pili sasa goti linakuuma machoni."

Nilimgeukia mama. "Ulijua?"

"Aliniapisha."

"Mlijua wote wawili! Mimi nalala chini ya gari na gundi puani, naitwa dobi na Metroni, nazunguka maduka kumi na tisa nachekwa, nimekwenda kumtukana fundi wa watu, na hapa nyumbani kila asubuhi mtu anatoboa! Anatoboa, baba! Natia kiraka, unatoboa. Naweka gundi, unatoboa!"

"Napima," baba akasema polepole.

"Unatoboa!"

"Kwa hiyo nisipime tena."

Sikuwa nimesema hivyo. Lakini sikuwa na kingine cha kusema pia, kwa hiyo nikaingia uani nikatumbukiza mashuka ishirini ya kwanza kwenye beseni, nikayakanyaga kwa miguu hadi maji yakaruka ukutani. Mtu anaweza kuwa na haki na bado akajisikia vibaya. Alinipa funguo za gari, akanipa kiti chake, akaniachia barabara. Alibakiwa na hodi tatu tu.

Jumapili nilipiga pasi kuanzia asubuhi, sikusema na mtu. Bunda la nne lilipokwisha nililiangalia fagio la uani likiwa limeegemea ukuta. Mpini wake ni wa mti mgumu, mnyoofu. Nikaung'oa. Nikaulaza kando ya nondo, nikaukata sawa, kisha kwa kisu cha jikoni nikachonga mikato ileile mahali palepale, mmoja, miwili, mitatu, nikaizidishia kina ili kidole kisipotee. Ncha nikaichonga duara kama kisigino. Mama alipita, akaona, akasema tu, "Na mimi nitafagia kwa nini?" Akaendelea na safari yake.

Nikampelekea baba. Akaupokea, akaupapasa, akaugonga kwenye sakafu. *Du.*

"Haulii."

"Haulii, lakini unasomeka."

"Nitajuaje umefika chini?"

"Mkono utakuambia. Ulikuambia zaidi ya miaka thelathini."

Akanuna. Baba akinuna hutia mdomo ndani kama mtu anayeficha peremende.

"Nina sharti," nikasema. "Kesho unapanda gari pamoja nami. Mimi napeleka mashuka mlango wa nyuma, wewe unaingia mlango wa mbele, wakuangalie macho."

"Nitakwenda kwa ajili ya goti."

"Nenda kwa ajili ya chochote, baba, ilimradi uingie."

Alasiri nilikwenda kwa Nyusi. Bamba jipya lilikuwa limeshalehemiwa; aliziba midomo ya tangi mbele yangu, akalizamisha kwenye pipa, akapuliza kwa mpira hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Hakikutoka kiputo hata kimoja. Tulilifunga na bolti mpya. Nilipowasha gari aliinama dirishani.

"Nikisikia nondo imekaribia tangi hili tena, hilo jina langu nitakupa wewe."

Jumatatu niliamka kabla ya kuamshwa. Nikalala macho nikisikiliza. Kimya. Nikasikia sufuria ya mama, nikasikia mlango wa jikoni, nikasikia kimya tena, na moyo ukaanza kuniuma kwamba nimeizima sauti ile na sasa nyumba nzima itakuwa hivi. Nikatoka.

Alikuwa amesimama kando ya Bi Mkubwa, mpini wa fagio umezama kwenye mdomo wa tangi, mkono wake juu umetulia kama wa mtu anayesikiliza mapigo ya mgonjwa. *Du*, moja. Hakugonga tena. Akautoa, akapitisha kidole gumba, akakinusa.

"Nusu," akasema. Kisha akainama, akapapasa chini ya gari hadi alipofikia. Akakirudisha kiganja chake mbele ya pua. "Kukavu."

Hakutangaza dirishani. Aliniambia mimi.

Metroni alinusa bunda la kwanza. Akanusa bunda la mwisho. Kisha, kwa kuwa ni Metroni, akachomoa shuka kutoka katikati ya bunda la saba, akalifunua lote, akatia uso ndani.

"Sabuni," akasema, kama mtu aliyevunjwa moyo kidogo. "Jumatano nitanusa tena, binti yangu."

Nilikimbia kwenda mbele kumwangalia baba. Benchi la kungojea macho lilikuwa na watu sita, yeye hayumo. Nikamkuta upande wa pili wa ukumbi, amekaa wima kwenye foleni ya mifupa, kati ya mtu mwenye bandeji na bibi mwenye fimbo, namba kumi na moja mkononi.

"Baba!"

"Wameniuliza nina shida gani, nikawaambia."

"Umewaambia goti."

"Goti lipo. Si hili hapa?"

Mashuka yamekubaliwa, tangi limezibwa, na mimi nimesimama katikati ya hospitali sina hata hamu ya kugombana. Nikakaa kwenye nafasi iliyobaki kati yake na bibi. Akaitwa namba saba, akaitwa namba nane. Baba alikuwa ameelekeza uso upande ule nilikotoka, amekunja paji.

"Ule mlango wa kule," akasema, sauti ya chini, "umeandikwa nini?"

"Macho, baba."

"Herufi ndogo?"

"Kubwa. Kila moja kama mkate."

Akalikunja lile karatasi la namba yake, likawa dogo, likawa dogo zaidi. Akampa yule bibi wa fimbo. Kisha akainuka, mara moja, bila kushika ukuta, bila hata kukumbuka kuchechemea.

Tulivuka ukumbi, mkono wake umenishika kiwiko. Mlango wa macho ulikuwa umefungwa.

"Piga hodi," akasema.

Nikainua ngumi. Miezi mitatu yote ilikuwa ndani ya ngumi ile: sabuni, gundi, maduka kumi na tisa, mashuka mia moja na ishirini mara mbili. Nadhani aliisikia ikipanda hewani.

"Taratibu, mwanangu," baba akasema. "Usije ukautoboa."